Mgeni na Jina Lake: Kunguru, Mwarobaini na Mathenge katika Historia ya Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii aghalabu hufasiriwa kuwa ni sifa ya ukarimu. Mgeni ajapo, chakula kizuri hupikwa, na mwenyeji naye hushiba kwa sahani iliyoandaliwa kwa ajili ya mwingine. Lakini ndani ya methali mna tarajio lililofichika kidogo, nalo ni kwamba ujio wa mgeni utamfaa mwenyeji. Methali haisemi itakuwaje mgeni akikosa kumponya mwenyeji, wala itakuwaje akikataa kuondoka.

Wageni si watu peke yao. Mimea na wanyama nao husafiri, wengine kwa kuchukuliwa na wengine kwa kujipenyeza. Embe, muhogo, mahindi, nanasi, papai na korosho ni vyakula vya kila siku katika pwani ya Afrika Mashariki, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho asili yake ni pwani hiyo. Vyote vilifika, vikapokewa, vikapewa majina, na leo huhesabiwa kuwa vya nyumbani. Historia ya wageni wa aina hii imeandikwa na wataalamu wa mimea na wa wanyama. Jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili ni ushahidi uliomo katika majina yao.

Makala haya yanakusudia kuyatazama majina ya wageni watatu wanaojulikana sana nchini Kenya, yaani kunguru wa Bara Hindi, mwarobaini na mathenge. Hoja yake ni moja. Jina la mgeni ni kumbukumbu ya siku aliyofika, si ya siku alizokaa. Laweza kueleza alitoka wapi, alitumainiwa nini, au nani alimleta. Haliwezi kueleza aliyoyatenda baadaye. Kwa hiyo mwanahistoria anayeyatumia majina kama ushahidi hana budi kujua yanasema nini na yananyamaza wapi.

Jina na Safari

Yafaa kuanza na wageni wa zamani, ambao ugomvi wao na wenyeji, kama uliwahi kuwapo, umekwisha sahauliwa. Neno mahindi linahusishwa moja kwa moja na nchi ya Wahindi. Lakini nafaka hiyo haikutoka Bara Hindi. Ilianza kulimwa Meksiko maelfu ya miaka iliyopita, nayo ikafika Afrika baada ya safari za Wareno na Wahispania za kuvuka bahari ya Atlantiki. Wapwani waliiita kwa jina la nchi ya ng'ambo waliyoijua na kufanya biashara nayo karne nyingi. Kadhalika bata bukini anabeba jina la Bukini, ambalo ni jina la zamani la kisiwa cha Madagaska, ijapokuwa mababu wa bata huyo ni ndege wa mwituni wa Ulaya na Asia. Majina haya mawili hayatoi habari za kuaminika juu ya asili ya viumbe wenyewe. Yanachohifadhi ni ramani ya dunia kama ilivyokuwa katika akili ya Mswahili wa wakati ule: Bara Hindi upande mmoja, Bukini upande mwingine, na bahari katikati.

Hali ni tofauti kwa jina lililosafiri pamoja na kitu chenyewe. Mkanju, yaani mkorosho, asili yake ni Brazil. Watu wa huko waliosema lugha za Kitupi walilitaja tunda lake kwa neno ambalo Wareno walilichukua na kulitamka caju. Wareno wakalileta pwani hii, na Waswahili wakalifanya kanju. Neno nanasi nalo asili yake ni lugha za Kitupi, ingawa limepita katika vinywa vingi kabla ya kufika Mombasa. Hivyo basi jina lililobuniwa bandarini hueleza mawazo ya mpokeaji, na jina lililokuja ndani ya jahazi hueleza njia ya msafiri. Tofauti hii ni muhimu, kwa maana wageni watatu wanaozungumziwa hapa walipewa majina yao kwa njia mbalimbali.

Kunguru Wawili, Methali Moja

Kabla ya miaka ya mwisho ya karne ya 19, kunguru aliyezoeleka katika miji ya pwani alikuwa ndege mweusi mwenye kifua cheupe na utepe mweupe shingoni. Huyu ndiye kunguru wa methali. Waliosema, "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake," walikuwa wakimtazama yeye. Ni ndege mwangalifu, hushuka jaani kwa hadhari, na akimwona mtu anainama kuokota jiwe huwa amekwisha kuruka. Woga wake katika methali si aibu, bali ni hekima ya mtu ajuaye nguvu zake zinakoishia.

Mnamo mwaka 1897 ndege wengine wa jamii ya kunguru waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi. Waliletwa makusudi, ili wasaidie kula takataka za mji. Hawa ni wadogo kidogo kuliko wenzao wa zamani, na shingo na kifua chao ni vya rangi ya kijivu. Mtaalamu Mfaransa Vieillot alikuwa amekwisha kuwapa jina la kisayansi mwaka 1817, akawaita Corvus splendens, na neno hilo la pili katika Kilatini lina maana ya mwenye kung'aa. Mtu aliyeamshwa alfajiri na kelele zao juu ya mwembe yamkini angelichagua neno jingine.

Kazi waliyoletewa waliifanya, kwani takataka walizila. Lakini pamoja na takataka walikula mayai na makinda ya ndege wadogo, vifaranga vya kuku, na matunda ya mashambani. Ndege huyu ana tabia moja ya ajabu: haishi mbali na binadamu. Hajengi maskani yake katika pori lisilo na watu. Hufuata nyumba, masoko, majaa na meli. Kwa hiyo kila mji uliokua ulimfungulia mlango. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, na baada ya hapo akaenea katika miji mingine ya pwani ya Kenya. Kunguru wa zamani akazidi kuwa haba mahali alipotawala mgeni, na ndege wadogo wa bustanini wakapungua.

Lugha ilimpokeaje? Mahali pengi jina la zamani lilipanuliwa likawafunika wote wawili, na msemaji akitaka kuwatofautisha huongeza maneno, kama vile kunguru wa Bara Hindi. Mombasa kulitumiwa njia nyingine, kwani huko mgeni huitwa kurabu, neno lenye asili ya Kiarabu, lugha ambayo humwita kunguru ghurab. Wamombasa, kwa kumpa ndege mpya jina lake mwenyewe, waliyahifadhi mapokeo ya zamani bila ya kukusudia: kunguru akabaki kuwa kunguru, na kurabu akawa kurabu.

Mahali ambapo jina moja linawafunika ndege wawili, methali imepatwa na jambo lisilo la kawaida. Maneno yake hayakubadilika hata herufi moja, lakini ndege aliyemo ndani yake amebadilika. Mwanafunzi anayesoma habari za kunguru mwoga humfikiria ndege anayemwona kila siku, naye humwona akimfukuza paka, akimsumbua mwewe angani, na akimnyang'anya mtoto andazi mkononi. Mwanafunzi huyo akiuliza ni kunguru gani aliye mwoga, swali lake ni la haki. Jibu haliwezi kupatikana katika sarufi wala katika kamusi; linapatikana katika historia ya usafi wa mji wa Unguja. Mwaka 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilitangaza azma ya kuwaangamiza kunguru wa Bara Hindi wapatao milioni moja. Ndege aliyeletwa kuondoa takataka alikuwa amehesabiwa kuwa mwenyewe ni kitu cha kuondolewa.

Mwarobaini na Hesabu ya Arobaini

Mgeni wa pili ni mti. Asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani, na wataalamu huuita Azadirachta indica. Kiswahili kimeupa majina yasiyopungua mawili. La kwanza ni mwarobaini, kwa sababu yasemekana kwamba majani yake, magome yake, mizizi yake na mbegu zake hutibu maradhi arobaini. La pili ni mkilifi. Kwa masikio ya Mkenya jina hili haliwezi kusikika bila ya kuukumbusha mji wa Kilifi, kana kwamba mti huo uliota huko tangu mwanzo wa dunia. Hivyo mti wa Bara Hindi umepata jina la kienyeji kabisa, ilhali mahindi yasiyo ya Bara Hindi yamepata jina la Kihindi.

Arobaini si hesabu ya kawaida katika utamaduni wa pwani. Mzazi hukaa siku arobaini baada ya kujifungua. Maiti husomewa arobaini yake. Ni hesabu ya jambo lililotimia. Kuuita mti mwarobaini si kusema kwamba mtu fulani alikaa akayahesabu maradhi moja baada ya jingine mpaka yakafika thelathini na tisa na moja. Ni kusema kwamba dawa yake ni kamili. Kwa hakika baadhi ya watu huuita mwarobaini kamili, wakatilia mkazo jambo ambalo hesabu ilikwisha kulisema.

Sifa hizo si za bure. Mti huu hutoa kivuli kizuri, hustahimili ukame, majani yake hutumiwa kama dawa, na mbegu zake zina kitu kinachowazuia wadudu kula mimea. Lakini ndege hula matunda yake na kuzitawanya mbegu, na katika pwani ya Kenya umekwisha kutoka uani na kujipandikiza vichakani na misituni, ukishindania nafasi na miti ya asili. Jina lenye sifa hulifanya jambo hili liwe gumu kuonekana. Ni vigumu kumshawishi mzee kwamba mti unaotibu maradhi arobaini waweza kuwa ndio maradhi ya msitu. Hapa jina halikusema uongo, kwani lilieleza tumaini, na tumaini lilikuwa na msingi. Hata hivyo Waswahili wenyewe husema kwamba siku za mwizi ni arobaini. Hesabu ile ile inayotumika kumsifu mganga ndiyo inayotumika kumngojea mkosaji.

Mathenge: Mti Wenye Jina la Mtu

Mgeni wa tatu ndiye aliyeleta ugomvi mkubwa kuliko wote. Mti ambao kwa muda mrefu wataalamu waliuita Prosopis juliflora asili yake ni Meksiko, Amerika ya Kati na kaskazini ya Amerika Kusini. Mwaka 1973 mbegu zake zilizotoka Brazil na Hawaii zilipandwa Bamburi, karibu na Mombasa, mahali palipokuwa pamechimbwa mawe ya kutengenezea saruji na kuachwa uchi. Mti ulistawi pale ambapo miti mingi ilikuwa haiwezi kuishi.

Miaka hiyo ya 1970 ilikuwa miaka ya ukame mkali katika nchi nyingi za Afrika, na hofu ya jangwa na ya upungufu wa kuni ilikuwa kubwa. Mti unaoota katika ardhi ya chumvi, unaorutubisha udongo, unaotoa kuni nzuri na maganda matamu ya kulisha mifugo, ulionekana kuwa ni jibu la dua. Mizizi yake huyafuata maji mbali sana. Katika jimbo la Arizona, Marekani, mizizi ya mti wa jamii hiyo ilikutwa mgodini katika kina cha mita zipatazo 53. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa misaada ya kutoka nje na kwa kibali cha Serikali, mti ulipandwa Baringo, Turkana na katika bonde la mto Tana. Huko Baringo kulikuwa na Mradi wa Kuni na Malisho ulioanzishwa mwaka 1982, na wenyeji walishiriki katika kazi ya kupanda.

Kwa miaka michache mti uliutimiza wajibu wake. Kisha zile zile sifa zilizofanya uchaguliwe zikageuka kuwa madhara. Mbuzi walikula maganda matamu, lakini mbegu zilipita matumboni mwao bila ya kuharibika, zikaota popote walipokwenda. Mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998 zilizieneza zaidi. Katika vijiji vya Wailchamus karibu na Ziwa Baringo, kama vile Ng'ambo na Salabani, nyasi zilitoweka chini ya vichaka visivyopenyeka. Miiba ilichoma kwato za mifugo na miguu ya watu. Mti ukikatwa ulichipua upya kutoka kwenye kisiki. Sukari ya maganda iliganda katika meno ya mbuzi, meno yakaoza na kung'oka, na mnyama asiyeweza kutafuna akafa kwa njaa katikati ya majani.

Mwaka 2006 Wailchamus waliishitaki Serikali mahakamani mjini Nairobi. Pamoja na hoja za sheria walimleta mbuzi kibogoyo awe kielelezo. Wapo waliocheka, lakini kwa mfugaji kinywa kile kitupu kilikuwa hesabu ya mali iliyopotea, karo isiyolipwa na mahari isiyotolewa. Mwaka 2008 Serikali iliutangaza mti huo rasmi kuwa gugu lenye madhara.

Sasa litazamwe jina. Nchini Kenya mti huu huitwa mathenge, na inasimuliwa kwamba hilo ni jina la ofisa wa misitu aliyehusika na upandaji wake. Katika lugha ya Kigikuyu neno thenge ni beberu la mbuzi, na hivyo limetukia jambo ambalo hakuna aliyelipanga: mti wenye jina linalomkumbusha mtu beberu ulishitakiwa kwa ushahidi wa mbuzi. Lakini jambo zito zaidi ni lile ambalo jina linalificha. Mti haukuletwa na mtu mmoja. Waliuleta watafiti waliousifu, mashirika yaliyotoa fedha, na idara zilizotoa kibali, na wote hao majina yao hayamo mdomoni mwa mchungaji wa Marigat. Mchungaji alimtaja yule aliyemwona kwa macho yake akiwa na miche mkononi. Jina limemtwika mtu mmoja mzigo wa wengi. Mtu huyo, kama wengine wote, alidhani ananyanyua umaskini.

Kuna ushahidi mwingine, nao ni wa kisarufi. Miti katika Kiswahili huingia katika ngeli ya M-MI: mwembe, mkanju, mwarobaini, mkilifi. Hata miti iliyotoka mbali ilivalishwa kiambishi hicho, kama mgeni avalishwavyo kanzu. Mathenge haukuvalishwa. Hakuna asemaye mmathenge au mimathenge. Husemwa mti wa mathenge, au mathenge tu. Baada ya zaidi ya miongo minne mti umeota mizizi katika ardhi, lakini jina lake bado limesimama mlangoni mwa sarufi.

Majirani Walisemaje?

Kwamba jambo hili si la Kiswahili pekee huonekana katika lugha za majirani. Waafar wa Ethiopia, ambako mti uleule ulipandwa miaka ya 1970 na 1980, waliuita Dergi hara, yaani mti wa Derg, kwa jina la serikali ya kijeshi iliyotwaa mamlaka nchini humo mwaka 1974. Kwa Wasomali, moja ya majina yake ni garanwaa, maana yake kisichotambulikana. Waturkana wameupa jina la etirae. Basi mti ni mmoja, lakini Mkenya aliuita kwa jina la ofisa, Mwafar kwa jina la utawala, na Msomali akakiri kwamba hamjui mgeni huyu. Kila jina ni ushuhuda wa namna mamlaka yalivyomfikia mwananchi: mahali pamoja yalikuja kwa sura ya mtu, pengine kwa sura ya dola, na pengine yalikuja bila ya kujitambulisha.

Wataalamu nao hawakusalimika na tatizo la majina. Mwaka 2022 wataalamu wa mimea waliigawa upya jamii ya miti hiyo, na mti huu ukahamishwa kutoka Prosopis kwenda Neltuma. Mchungaji wa Baringo hakuona tofauti yoyote katika miiba.

Hitimisho

Neno gugu katika Kiswahili si jina la mmea wa aina fulani. Ni jina la uhusiano kati ya mmea na mwenye shamba. Muhindi ulioota peke yake katikati ya mpunga ni gugu, na hung'olewa bila ya kuulizwa ukoo wake. Maana hii ni ya busara, kwa kuwa inaweka wazi kwamba hukumu ya gugu yategemea shamba ni la nani na nani anayelilima. Wale waliouchagua mathenge walitafuta mti mzuri, wakaupata. Hawakuuliza vya kutosha ungekuwa mzuri kwa nani, na mahali gani, baada ya miaka mingapi.

Majina ya wageni watatu waliochunguzwa hapa ni ushahidi wa kweli, ila kila moja lina mpaka wake. Kunguru ameonyesha kwamba jina la zamani laweza kumficha mgeni na kuipotosha methali. Mwarobaini umeonyesha kwamba jina la sifa laweza kuwa kinga ya kutoshitakiwa. Mathenge umeonyesha kwamba jina la lawama laweza kumwangukia aliyekuwa karibu na kuwaacha waliokuwa mbali. Kwa sababu hiyo watungaji wa kamusi wangefanya kazi yenye manufaa makubwa kama, pamoja na kueleza kwamba kurabu ni ndege na mathenge ni mti, wangeandika pia mwaka uliofika na kazi uliyoletewa. Bila ya maelezo hayo, kizazi kijacho kitadhani kwamba mathenge uliota Baringo tangu enzi za mababu, kama vile watoto wa leo wanavyoamini kwamba mahindi ni ya kwao.

Methali ya kwanza haikusemwa peke yake. Ipo nyingine isemayo, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Katika nchi ya Baringo siku ya tatu imekwisha kufika. Wenyeji huchoma makaa ya mathenge, husaga maganda yake pamoja na mbegu ili zisiote tena na kuwapa mifugo, na nyuki wao hufyonza maua yake. Huko ndiko kumpa mgeni jembe. Lakini jembe lilo hilo hutumika pia kung'oa visiki, kwa jasho la watu ambao hawakuandika mradi wala kuutia sahihi. Mgeni aliyetarajiwa kumponya mwenyeji amemwachia kazi, na mwenyeji anaifanya.